Foleni ya Gari Jeupe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na kisiwani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Fundi, kuanzia mwalimu mkuu mpaka watoto ambao sketi zao za shule zilipita mikononi mwake kabla hawajajua kusoma. Mimi mbele yake namwita Mama. Nikiudhika, na naudhika mara nyingi, namwita mama yake mume wangu.

Chumba chake cha mbele kina cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi nzito isiyoguswa na mtu mwingine, na kamba ya kutundikia kazi zilizokwisha. Kila kitu kina mahali pake, na ole wake atakayesogeza mkasi. Mimi niliusogeza nikiwa bibi harusi mpya. Nilisemwa mpaka jirani akaja kuuliza nimevunja nini.

Tatizo lilikuwa macho. Nilipoolewa yalikuwa yameshaingia ukungu. Mume wangu ni baharia wa meli za mbali, nyumbani anakuja kama mgeni. Siku ile alinifikisha mlangoni akasema, Mama, mkweo huyu. Mama akanigeuzia uso, akanipapasa mabega na kiuno kama mtu anayechukua vipimo, akasema haya, karibu. Kwake mimi nilikuwa kivuli chenye sauti. Miaka ikapita, kivuli kikazidi kuwa kizito. Jicho la kushoto likazima kabisa, na la kulia likabaki kujua tu dirisha liko wapi.

Lakini ufundi haumtoki mtu hivihivi. Alishona kwa vidole. Mimi nilimtungia uzi, nikamtajia rangi, nikakata pale alipochora kwa chaki, na chaki yenyewe ilikuwa inakwenda inakotaka. Ikatoka sketi yenye pindo lililopanda upande mmoja. Likatoka shati la mlinzi wa gatini, mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, na mlinzi wa watu akashukuru akaondoka. Mama akilala mchana nilifumua kazi za wateja nikazishona upya, polepole, nisije nikasikika. Maana ukimwambia Fundi amekosea, siku hiyo chakula hakiliki nyumbani. Mwalimu mkuu alishaanza kuninong'oneza kwamba pengine sare za mwakani ziagizwe ng'ambo. Kwa Fundi mwenyewe hakuthubutu.

Basi afisa wa kisiwa alipotangaza kwamba gari la macho linakuja, nyumbani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Gari hilo huja mara moja kwa mwaka, likija. Mwaka uliotangulia bahari ilichafuka na halikuvuka. Daktari wake alishamwambia Mama zamani kwamba la kulia ni mtoto wa jicho, hutolewa na mtu akaona, ila asilikawize mno. Jioni moja akiwa amekaa kwenye cherehani bila kukanyaga, akaniambia, "Mkwe, mwaka huu nisipotibiwa, hii mashine uifunike." Akasema kwa sauti kavu tu. Mimi ndiye niliyekwenda jikoni nikalia.

Sasa lazima nieleze magari yanavyotufikia, la sivyo utatuona wajinga. Kivuko chetu ni kidogo, kinabeba magari ya kuhesabika na mizigo ya duka. Gari jeupe, refu, lenye paa lililoinuka na kitanda ndani, likishuka gatini kwetu ni la huduma. La chanjo lilikuwa hivyo, la benki hivyo, la vitambulisho hivyo, la macho hivyohivyo. Hatusimami kusoma ubavuni limeandikwa nini. Ukisimama kusoma, unamaliza kusoma na wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni. Tunaona weupe, tunachukua vigoda, tunajipanga.

Na siku hiyo likashuka gari jeupe, refu, lenye paa lililoinuka. Likapita polepole mbele ya duka, likaenda kusimama pembeni ya uwanja wa shule, palepale yanaposimama ya huduma. Akashuka mwanamke wa rika langu, kajifunga kitambaa kichwani. Akavuta turubai ubavuni mwa gari ikawa kivuli, akatoa meza ya kukunja na viti viwili, akaweka juu ya meza kompyuta ndogo. Dirishani mlionekana kitanda kimetandikwa shuka safi, na karo la kunawia mikono. Sasa wewe ungesema ni nini?

Nilimshika Mama mkono tukakaribia kukimbia. Tulipofika alitutangulia mpaka rangi mmoja tu, mzee wa kupaka kuta, ambaye macho yanamchuruzika miaka nenda miaka rudi. Nyuma yetu foleni ikafika golini. Mwenye duka alikuja ameshika shavu, jino linamuuma, akajaribu kujipenyeza mbele yetu eti yake ni dharura. Nikamkata jicho, akarudi nyuma bila kuambiwa.

Yule mwanamke alipogeuka akaona watu wote wale wametulia wanamtazama, alishtuka, halafu akafurahi. Baadaye tulikuja kujua kwa nini. Alikuwa mwandishi wa vitabu. Alikuwa anazunguka visiwa vya mbali na gari lake hilo la kulala, anakusanya habari za watu, na gatini alikotoka alimwambia mpanga magari wa kivuko kwamba angependa kuwasikiliza wenyeji. Akadhani mpanga magari ametutangazia. Moyoni alisema, watu gani hawa wakarimu namna hii. Na sisi mioyoni tulisema, daktari gani huyu mpole namna hii. Kila mtu alikuwa na furaha yake, na hakuna aliyeuliza.

Mpaka rangi alikaa kitini muda mrefu. Aliulizwa anaishi na nani, kazi alianza lini, nini kinamsumbua. Akaeleza na machozi yake yakimtoka kama kawaida, na mwandishi akaguswa sana, akaenda kumletea maji. Mzee alirudi akitutangazia kwamba huyu daktari hana haraka, anasikiliza mtu mpaka mwisho. Ikafika zamu yetu.

Mwandishi akamwamkia Mama shikamoo, akamkalisha, akaweka vidole kwenye kompyuta. Sisi tulijua ni mashine ya kupimia.

"Mama, ukikaa mlangoni kwako ukiitazama bahari, unaona nini?"

"Ukungu," Mama akasema.

"Ukungu wa namna gani?"

"Kama maziwa yametiwa maji. Asubuhi mwepesi, mchana unakuwa mzito."

Mwandishi akaacha kuandika. Nikamwona anapepesa, macho yamemlowa. Nikasema kumbe ni makubwa, mpaka daktari analia. Nikajikaza nikauliza kama ni mbaya sana. Akanitazama, akasema si mbaya hata kidogo, ni nzuri mno, hajawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Nikarudi nyuma hatua. Nilijiuliza labda kuna ukungu mzuri na ukungu mbaya, na wetu ndio mzuri.

Akaendelea kumuuliza, na Mama akaendelea kujibu, na hapo ndipo nilipozidi kupotea. Alimweleza mambo ambayo mimi, niliyekula naye sahani moja miaka yote, sikuwahi kuyasikia. Kwamba alijifunzia kushona chini ya meza ya mke wa mjomba wake, akiokota nyuzi zilizoanguka na kuziunga. Kwamba nguo yake ya kwanza ilikuwa shati la baba yake la kuzikiwa, akalishona usiku kucha wenzake wakilia, na hakulia kwa sababu alikuwa anahesabu mishono. Kwamba mumewe alipofariki, ndugu walitaka kuiuza cherehani, na yeye akakaa juu ya meza yake mchana mzima na mtoto mgongoni mpaka wakachoka wakaondoka. Mtoto huyo ndiye mume wangu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika mkoba, wivu unanipanda. Mgeni wa leo anapewa moyo wote, mimi wa miaka napewa "nani kasogeza mkasi".

Mama alipomaliza akapangusa uso, akaweka mikono magotini.

"Haya, daktari. Sasa utanipasua lini?"

Mwandishi akacheka kidogo, akaona hatucheki. Akauliza kumpasua nini. Nikasema jicho. Akarudia, jicho? Nikamwambia ndiyo, la kulia, la kushoto tumeshalisamehe. Akanitazama mimi, akaitazama foleni, akamtazama mwenye duka aliyekuwa ameshafungua mdomo kumwonyesha jino kwa mbali. Akasimama. Akasema samahani sana, lakini ninyi mnasubiri nini hapa?

Watu wakaanza kujibu kwa pamoja. Huyu anasema macho, yule anasema miwani, mwingine anasema yeye kaona wenzake wamejipanga akajipanga. Mwandishi akasema yeye si daktari. Hakuna aliyemwelewa. Mpaka rangi akamwambia asijishushe, anafanya kazi nzuri.

Katika zogo hilo ndipo akatokea mpanga magari wa kivuko, ambaye nyumbani kwake ni hukuhuku kwetu, anapita zake na mfuko begani. Tukamwita atuamue. Akasimama akalitazama lile gari, akazunguka nyuma yake, akachungulia dirishani, na nikaona rangi inamtoka. Alikuwa ameagizwa na ofisi yao aliwekee nafasi gari jeupe la macho, nafasi moja iliyobaki. Likaja jeupe, refu, lenye kitanda. Akalipungia mkono likapanda. Muda si mrefu likaja jeupe jingine, dereva wake akapiga honi na kusema ndio gari la macho, na mpanga magari akamjibu kwamba la macho limeshapanda, yeye kama ni mtalii asubiri siku nyingine. Kivuko kikang'oa nanga. Madaktari wakabaki gatini na dawa zao, na kwa alivyosikia kwa nahodha, wameona bora waelekee moja kwa moja kile kisiwa kikubwa, kituo chao cha mwisho, kisha wanarudi zao makwao.

Mama akanishika kanga, akauliza, amesema nini? Nikamgeukia mwandishi, na hasira zangu zote za siku zile na za miaka ile zikampata yeye.

"Wewe umekalia nafasi ya jicho la mama mkwe wangu. Umelikalia, umelitandikia shuka, na bado unamuuliza anaona nini."

Hakujitetea. Alikaa chini kwenye kiti kile alichokalia mpaka rangi, akajishika kichwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuja, akamwacha ng'ambo daktari aliyekuwa anatuletea huko kupona. Watu wakaanza kuchukua vigoda vyao mmojammoja. Mwenye duka aliuliza kama hata jino haliwezekani, akaambiwa aende nyumbani.

Mwandishi alipoinua kichwa alisema kivuko kinarudi asubuhi, na kinapitia kisiwa kikubwa. Atatupeleka yeye. Visiwa alivyokuwa amepanga kuvizunguka vitangoja. Nilitaka kumwambia nauli na fadhila yake abaki nazo, lakini hasira hasara, na jicho halikuwa langu. Nikasema tutakuwa gatini mapema.

Kazi ikawa kumweleza Mama. Nilimweleza mara ya kwanza, akasema sawa, amefahamu. Kisha akauliza tukifika huko kama ni daktari huyuhuyu atakayempasua, au mwenzake. Nikaanza upya. Nikamwambia huyu ni mwandishi, Mama, anaandika vitabu. Akasema madaktari wote huandika, tena mwandiko mbaya. Nikaacha.

Kivukoni mpanga magari alituweka mbele kabisa, kwa haya, akikwepa kunitazama. Mama alipanda kwenye kile kitanda ndani ya gari, akajifunika, akawaambia abiria waliokuja kumjulia hali kwamba amelazwa. Kila mwandishi alipoingia, Mama alimweleza hali yake ilivyobadilika tangu alipomwona mara ya mwisho. Mwandishi akawa anajibu vizuri, ndiyo Mama, pole Mama. Nilimwuliza kwa nini hamkatalii. Akasema ameshajaribu, na sasa hata yeye hajui tena amekuja visiwani kufanya nini. Hapo kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, kidogo.

Kisiwa kikubwa tulizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mmoja alituambia gari la macho liko hospitali, hospitali wakatuambia liko shule, shule ya kwanza tuliyofika ikawa si yenyewe. Tulipoipata yenyewe, watu waliokuwa wamekaa nje waliona weupe wetu unaingia langoni, wakanyanyuka na vigoda vyao, wakaanza kujipanga nyuma yetu. Nikashuka nikapaza sauti kwamba jamani, hili si lenyewe, hili halitibu mtu. Mama akatoa kichwa dirishani akawaambia wasinisikilize, ndani kuna daktari mzuri sana.

Daktari wa kweli alikuwa mtu mfupi, mchovu, na alishasikia habari za gari jeupe lililomwacha gatini. Alipotuona alimtazama mwandishi kwa muda, na mwandishi akatazama viatu vyake. Akasema orodha imejaa na kesho wanafunga. Mwandishi akaanza kueleza, akachanganya maneno, akaanza tena. Mimi nikamwambia daktari kwa ufupi kwamba mama huyu ndiye anayewavisha watoto wote wa kisiwa chetu, na amekaa foleni vizuri tu, ila ya gari lisilo lake. Daktari akapumua, akamwinua Mama kidevu, akamulika jicho la kulia. Akasema wamtayarishe, atakuwa wa mwisho.

Walimpasua jioni ile, na usiku tukalala katika darasa lililofanywa wodi, ubaoni bado mna hesabu za watoto. Kulipokucha muuguzi akanituma chai. Jikoni wakanichelewesha. Nilipofika mlangoni na kikombe, bandeji ilikuwa imeshatoka.

Mwandishi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda amemshika Mama mkono. Na Mama alikuwa anamtazama. Jicho jekundu, linachuruzika, lakini linatazama. Miaka yote mimi nilielekezewa uso tu. Sikuwa najua Mama akitazama huwa hivi.

"Mkwe," akamwambia mwandishi, akamgusa shavu. "Kumbe ndivyo ulivyo."

Mwandishi akafungua mdomo, akaniona mlangoni, akaufunga.

"Nimekusema sana," Mama akaendelea. "Mdomo wangu mchungu, nakubali. Lakini mwanangu angeniolea mwingine, mimi ningeshakufa zamani. Nilikuwa nangoja nikuone usoni ndipo nikwambie."

Mwenzenu nilisimama pale chai inanimwagikia vidole. Sikujua nifanye nini. Nikisema kitu namkatiza, na maneno kama yale kwa Mama hayatoki mara mbili. Nikinyamaza, yanapokelewa na mtu mwingine. Nilitamani kuzama ardhini, na nilitamani aendelee.

"Mama," nikasema. "Mimi niko huku."

Akageuka. Akaniangalia, akamwangalia mwandishi, akaniangalia tena. Mwandishi aliondoka kitandani taratibu, akaenda kusimama ukutani.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, Mama."

Akaniita kwa kidole nisogee penye dirisha. Akanitazama uso, kwa haraka, kama anayeona haya. Halafu jicho likateremka mabegani, na hapo akakunja uso, fundi kaamka.

"Nani kakushonea hili gauni? Bega moja limekwenda mgongoni. Kola imekaa upande. Watu hawana haya, wanaharibu kitambaa cha watu namna hii."

Nikatazama chini.

"Si nakuuliza. Nani?"

"Wewe, Mama. Ulinishonea mwenyewe, nilipotimiza mwaka nyumbani kwako."

Akanyoosha mkono akalishika lile bega, akaufuata mshono kwa kidole mpaka kwapani, akarudi nao mpaka shingoni.

"Na umekuwa unalivaa hivihivi? Mbele za watu?"

"Kila nikitoka."

Akanivuta kwa lile bega mpaka kifuani kwake, na kilio kikamtoka, na mimi kikanitoka. Muuguzi akaja mbio akisema jicho bado bichi, kulia ni marufuku, nyamazeni. Akarudia mara ya pili kwa ukali. Hakuna aliyemsikiliza.